Nilidhani ni mkwaruzo tu wa rangi

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 27. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa nanunua baiskeli zilizotumika, nazitengeneza jioni nikitoka kazini, kisha naziuza hapa hapa mjini. Si biashara kubwa, mpaka leo nimeuza 11. Nyingi nazipata kwa watu wanaohama au wanaosafisha stoo, zimejaa vumbi na tairi hazina upepo. Naosha, nabadilisha waya za breki, natia grisi, napaka rangi pale palipochubuka. Nina kopo dogo la rangi nyeusi na brashi nyembamba, na mke wangu hunitania kwamba nazipaka baiskeli wanja.

Wiki tatu zilizopita nilimuuzia mama mmoja jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alitaka baiskeli ya kijana wake wa miaka 14, ya kwendea shule. Nilimpa nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo: gia zinaingia, breki zinashika, kiti hakijachanika. Kijana akapanda, akazunguka mtaa mara mbili, akarudi anacheka. Alilalamika kitu kimoja tu, kwamba akikata kona taratibu ncha ya kiatu inagusa tairi ya mbele. Nikamwambia atazoea, ana miguu mirefu. Mama yake nikamwambia ninachowaambia wote, kwamba mali iliyotumika inauzwa kama ilivyo. Akakubali, akalipa taslimu, tukapeana mikono.

Juzi usiku akabisha hodi. Baiskeli ameisukuma mwenyewe. Akaiegemeza ukutani akasema, "Fundi ameniambia nije nikuulize wewe hiki ni nini," akaweka kidole pale bomba la chini linapoungana na shingo ya fremu. Fundi alikuwa ameikwangua rangi. Palikuwa na ufa, urefu wake kama upana wa ukucha wa kidole gumba, umepita upande wa chini wa bomba, na ndani yake kuna kutu.

Mjomba, nikuambie ukweli. Ule mstari niliuona. Niliuona siku naiosha, na niliona pia rangi hapo imejikunja kidogo kama ngozi ya kiwiko. Nilidhani ni mkwaruzo tu wa rangi. Nikapitisha msasa, nikapaka. Sikukaa chini nikapanga kumdanganya mtu.

Nikakosa la kumjibu. Nikasema nitaiangalia. Akaiacha pale pale akaondoka, na tangu siku hiyo nikimsalimu ananijibu kwa kichwa. Kijana anakwenda shule kwa miguu.

Rafiki yangu aliyenifundisha kazi hii ananikataza kurudisha hata senti. Anasema ukimrudishia mmoja watakuja wote, kila mwenye pancha atadai chake. Ushauri wake ni nimpelekee mchomeleaji, aunge, nipake rangi, nimrudishie mama baiskeli yake, yaishe. Na hela yenyewe sina, nilishanunua nyingine mbili. Mke wangu ananitazama tu.

Je, ni lazima nirudishe? Huo ufa hauchomeleki? Na siku nyingine nitajuaje?

Mwenye brashi

*

Marahaba, mpwa wangu.

Habari njema katika barua yako yote ni moja: kijana anakwenda shule kwa miguu. Abaki hivyo hivyo, na baiskeli ibaki kwako. Mtu yeyote asiipande, hata wewe, hata kwa kuisogeza tu mpaka kwa fundi.

Nikueleze kwa nini. Pale ulipo ufa ndipo mzigo wote wa mbele unapofikia. Baiskeli ikipita kwenye shimo, gurudumu la mbele linasukumwa juu, na bomba la chini linavutwa. Ufa unafunguka kidogo. Akishika breki ghafla, bomba linabanwa, ufa unafunga. Kufunguka na kufunga, kila siku, kwenda shule na kurudi. Chuma hakichoki kwa kelele. Unaongezeka nusu milimita leo, kesho hakuna kitu, kesho kutwa milimita nzima, halafu siku moja kwenye tuta shingo inaachana na fremu na usukani unabaki mikononi mwa mtoto. Hapo anaangukia uso. Raba ya breki ikiisha, baiskeli inakataa kusimama na mtu anapata nafasi ya kujitupa pembeni. Shingo ikikatika hapati nafasi hiyo.

Sasa turudi kwenye barua yako, maana nimeisoma mara mbili na nimekuta umejijibu mwenyewe bila kujua. Umetaja mambo matatu kama mtu anayesimulia habari za njiani. Mstari. Rangi iliyojikunja kama ngozi ya kiwiko. Na kiatu kinachogusa tairi.

Hilo la kiatu, kwenye fremu ndogo linaweza kuwa jambo la kawaida kabisa. Lakini likiambatana na rangi iliyojikunja nyuma ya shingo, nakuambia hiyo baiskeli iliwahi kugonga kitu kwa mbele: ukuta, gari lililosimama, ukingo wa barabara. Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ikarudi nyuma, gurudumu likasogea karibu na miguu ya mpandaji. Bomba la chini nalo likabanwa likavimba kidogo, na rangi kwa kuwa haivutiki kama chuma ikafanya mikunjo. Ufa ukaja baadaye, ukaanzia kwenye lile jeraha. Kijana alikuambia ugonjwa wa baiskeli siku ile ile, ukamjibu ana miguu mirefu.

Sikuiti mwongo. Naamini hukukaa chini ukapanga. Ila neno lako "nilidhani" linanisumbua, kwa sababu mtu anayedhani ana njia ya kuhakikisha, na njia yenyewe ni rahisi kuliko kupaka rangi. Ungesafisha hapo grisi yote, ukapaka mafuta ya taa kidogo, ukasubiri dakika kumi, ukafuta mpaka pakauke kabisa, kisha ukapaka unga wa chaki. Mkwaruzo hautafanya kitu. Ufa umeyanyonya yale mafuta, utayarudisha taratibu, na kwenye weupe wa chaki utaona uzi mweusi unajichora wenyewe mbele ya macho yako. Mafundi wa reli walitafuta nyufa za vyuma vyao kwa njia ya namna hii tangu zamani, kabla ya mashine. Kama huna chaki, tumia ukucha na tochi. Imulike kwa ubavu, si kwa juu. Mkwaruzo unapita popote, unavuka bomba kwa mshazari na kuishia hewani. Ufa wa fremu hupenda kukaa kando ya kiungo, kukimbia nacho sambamba, na kwenye chuma hutoa machozi ya kutu hata ukiufuta.

Wewe ulikuwa na msasa mkononi, na kwenye msasa huo jibu lilikuwepo. Ukishasugua rangi mpaka ukafika kwenye chuma na mstari bado upo, basi mstari hauko kwenye rangi. Nadhani hapo ndipo usingizi wako unapokatikia.

Kuhusu kurudisha: ndiyo, unarudisha, na unarudisha yote. Usikate chochote eti kijana ameshaitumia wiki tatu. Wiki tatu hizo alikuwa amepanda kitu ambacho ungejua hali yake usingempa mwanao.

Rafiki yako hajakosea kila kitu, nimtendee haki. Muuzaji wa vilivyotumika hawezi kubeba kila pancha ya mji mzima. Lakini amechanganya mambo mawili. Tairi, raba za breki, waya, mnyororo, hivi ni vitu vya kuisha, mnunuzi anaviona na anajua vitaisha. Fremu na foku si vya kuisha kwa namna hiyo. "Kama ilivyo" ni maneno mazuri yakimaanisha kama unavyoiona, na yule mama hakuuona ufa kwa sababu uliutia wanja. Brashi ndiyo iliyolivunja sharti lako, na sehemu nyingi duniani hata sheria inaliangalia hivyo hivyo: anayeficha kasoro haokolewi na sharti hilo.

Sasa hela huna. Nenda hivyo hivyo, leo, usisubiri upate. Mtu hukasirishwa na deni, lakini hukasirishwa zaidi na mlango uliofungwa. Chukua ulichonacho, hata kiwe theluthi, na karatasi uliyoandika tarehe ya salio. Mwambie, "Mama, ule mstari niliuona nikaupaka rangi. Nilikosea. Hela yako hii hapa, iliyobaki naileta tarehe fulani." Usiseme "kama nilikosea", na usianze na habari za rafiki yako, wala za aliyekuuzia. Akitaka mojawapo ya zile mbili badala ya hela, hilo aliseme yeye, na aende nayo kwa fundi wake kwanza, yule yule aliyekwangua rangi. Usimpendekezee fundi wako. Na huyo fundi wake, ukimkuta barabarani, mshukuru.

Kuchomelea sasa. Kwa neno moja: usithubutu. Kwa maneno zaidi, chukua sumaku. Ikishika fremu, ni chuma, na chuma kweli huungwa. Wapo watengenezaji wa fremu wanaotoa bomba lote bovu na kuweka jipya. Mchomeleaji wa mageti ni mtu mwingine. Bomba la baiskeli lina unene wa milimita moja hivi, mengi hata haifiki, na moto wa kuunga geti utalitoboa au utaliacha limekauka pembeni ya weldi. Ufa unaofuata unazaliwa pale pembeni, sentimita moja kutoka ule wa kwanza, ukiwa umefunikwa na rangi yako mpya. Yako ina kutu ya kahawia, kwa hiyo ni chuma. Ingekuwa ya alumini ningekuwa mkali zaidi, maana alumini ya fremu hupoteza nguvu ikichomelewa na inahitaji kupikwa upya kwenye tanuri kwa joto la kipimo ili izirudishe. Hakuna geti linalohitaji hayo, na hakuna mchomeleaji wa mtaani mwenye tanuri hiyo.

Ivunje uuze vipuri. Magurudumu, kiti, kranki, gia, breki: ukiviuza kimoja kimoja huenda vikakurudishia zaidi ya unavyotarajia, na ndiko salio la mama litakakotoka. Rimu ya mbele izungushe kwanza uone kama haiyumbi, kwa sababu nayo ilikuwepo kwenye ajali. Foku usiiuze. Fremu ikate kwa msumeno, bomba la juu na la chini, ndipo uitupe. Ukiitupa nzima kuna mtu ataiokota, ataiosha, na naye ana kopo lake la rangi.

Nitajuaje siku nyingine, umeuliza. Nunua mchana. Niliwahi kununua baiskeli usiku chini ya taa ya njano, ikaonekana mpya. Asubuhi nikagundua ina rangi tatu tofauti za kijani na foku si ya kwake. Na ukipewa iliyojaa tope, omba maji uioshe mbele ya mwenyewe. Asiyetaka ioshwe ameshakujibu.

Halafu anza na fremu. Wanunuzi karibu wote huanza na gia, kwa sababu zinalia na zinafurahisha. Geuza baiskeli kichwa chini, pitisha vidole taratibu chini ya bomba la juu na la chini, nyuma tu ya shingo, macho umeyafumba. Uvimbe ambao jicho halioni kidole kinauhisi. Isimamishe, simama ubavuni mwake uitazame: foku na shingo viende kwa mstari mmoja kabla foku haijapinda kwenda mbele, ikionekana imerudi nyuma, ondoka. Shika breki ya mbele, isukume mbele na nyuma. Ukisikia mgongano mdogo kwenye shingo, ni beringi, zinarekebishika. Nguzo ya kiti ijaribu kuitoa. Ya alumini ikikaa miaka ndani ya fremu ya chuma hushikana nayo, na unaweza kumaliza jioni nzima na nyundo, kisha bado ukamuuzia mtu baiskeli ambayo kiti hakipandi wala hakishuki.

Mengine ni hesabu ya bei tu. Mnyororo upime kwa rula: kutoka pini moja, hesabu nafasi 24, inatakiwa iwe milimita 305 hivi. Ikifika 308 umekwisha, na yaelekea umeshakula meno ya gia, kwa hiyo punguza bei ya vyote viwili. Tairi soma namba ndogo ubavuni, mfano 37-622, ambapo ya pili ni kipenyo cha rimu kwa milimita, usisome ile kubwa. "26" inaandikwa kwenye tairi za rimu zenye vipenyo tofauti, 559, 571, 590, na hazivaliani; nimeona watu wakipigana na tairi mpya saa nzima wakidhani mikono yao ndiyo mibovu.

Namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya ekseli ya pedali, iandike kwenye karatasi ya mauziano, unaponunua na unapouza, pamoja na jina la aliyekuuzia. Ikiwa imesuguliwa kwa tupa, usiinunue hata kwa bure. Kwenye karatasi hiyo hiyo andika ulichobadilisha na kilichochoka. "Raba za breki za nyuma zimebaki kidogo. Gia ya saba inaruka." Utashangaa jinsi mtu anavyolipa bila kubishana akiona umeandika ubaya mwenyewe. Na mpe siku saba za kurudisha ikiwa fremu, foku au shingo ina kasoro. Pancha haimo.

Kopo la rangi sikukatazi. Baiskeli iliyochubuka ikiachwa inashika kutu, kupaka ni kazi halali. Ila paka baada ya mnunuzi kuiona ilivyokuwa, au piga picha kwa simu kabla hujapaka, umwonyeshe.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza. Umesema umeuza 11, na zote ulipita na ile brashi. Kumi bado ziko barabarani. Kaa na mke wako leo jioni, yeye huenda anakumbuka kuliko wewe, muandike nani alichukua ipi na wapi uliipaka. Zile ulizopaka kwenye madgadi au kwenye keria ziache. Zile ulizopaka karibu na shingo, chini karibu na pedali, au kwenye foku, wapigie simu wenyewe. Waambie walete, au wewe uende, na chaki yako mfukoni.

Mjomba